Sinia la Mama na Breki Isiyogusa

Miaka ile, ukitaka kujua kama mtu wa Newala ana baiskeli, ulimtazama mguu wa kushoto. Karibu sote tulivaa makubazi ya matairi. Asiye na baiskeli, makubazi yake yalilika sawasawa. Mwenye baiskeli, la kulia lilikuwa nene na la kushoto limekonda mpaka unaona unyayo. Sababu ni kwamba raba za breki hazikupatikana. Kwenye duka la kijiji hazikuwepo, Tandahimba hazikuwepo, na Masasi walikwambia zinakuja mwezi ujao, kama walivyokwambia mwezi uliopita. Basi ukifika mteremkoni unainua mguu wa kushoto, unaukandamiza kwenye tairi la mbele, unasubiri. Kwanza unasikia joto. Kisha unasikia harufu. Kisha baiskeli inasimama, au haisimami.

Baiskeli yangu ilikuwa ya baba. Goti lake lilipokataa kuzungusha pedeli, aliniachia mimi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini niliyemaliza darasa la saba, mwenye aibu nyingi. Nikiona watu watatu wamesimama njiani, nilipita mashambani kwenye mikorosho ili nisiwaamkie wote kwa pamoja. Kuna wakati nilimpenda msichana wa kijiji cha jirani, upande wa Makote, na kwa miezi minane sikumwambia neno. Yeye alikuja bombani kuchota maji, mimi nikaja bombani kuchota maji, kila mmoja akaondoka na maji yake. Mwisho shangazi yangu alichoka kunitazama, akaenda kwao kuniposea.

Kwetu kwenye uwanda wa juu maji ni shida. Bomba lilikuwa juu, karibu na barabara kuu. Kijiji chao kilikuwa chini, kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari miwili kama wanafunzi wa paredi, na katikati barabara moja pana iliyonyooka na kuteremka toka mwanzo mpaka mwisho. Wanawake wa pale walibeba ndoo kichwani asubuhi na jioni. Kwa hiyo mjomba wa msichana, ambaye kwa desturi yetu ndiye mwenye neno kuhusu watoto wa dada yake, hakuuliza nina shamba kiasi gani. Aliuliza jambo moja.

"Ana baiskeli?"

"Anayo," alisema shangazi.

"Basi aje na maji."

Nilikwenda na madebe mawili yaliyojaa, moja kila upande wa keria. Lazima nieleze jambo hapa, maana ndilo lililoniletea matatizo. Kwetu mtu hawaamkii wakubwa akiwa juu ya baiskeli. Ukiwakaribia unashuka, unaikokota, unasimama, unachuchumaa kidogo, ndipo unasema shikamoo. Kupita umekaa juu ya tandiko, kichwa chako kikiwa juu ya kichwa cha mzee, ni utovu wa adabu mkubwa. Na mama mkwe, hata yule ambaye bado hajawa, hamtazamani kabisa. Mkikutana njiani, wewe unaingia majanini upande mmoja na yeye anajifunika kanga na kwenda upande mwingine.

Siku ile ya kwanza niliinua mguu wa kushoto mapema, nikakandamiza. Madebe mawili ya maji si mchezo. Kubazi lilitoa moshi, kisha likatoa sauti, kisha likatoboka katikati, nami nikaondoa mguu kwa haraka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Baiskeli ilifurahi. Ilikwenda peke yake mpaka mbele ya nyumba yao, ikaacha njia, ikaingia kwenye mikeka ambayo mama yake msichana alikuwa ameanika makopa. Makopa ni muhogo uliomenywa na kukaushwa ili uliwe mpaka msimu mwingine, na adui wake mkubwa ni maji. Madebe yote mawili yalimwagika hapo hapo.

Mjomba alikuja akasimama juu yangu. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye chale za zamani usoni na sauti ya taratibu.

"Kijana," alisema, "umekuja kuposa au umekuja kuosha muhogo?"

Watu walicheka mpaka nyumba ya mwisho ya kijiji. Nilijibu "shikamoo", kwa kuwa ndilo neno pekee nililokuwa nimeliandaa.

Shangazi alirudi kwa akina msichana kesho yake kuomba radhi, akaniletea jibu. "Mjomba wake anakupa nafasi moja tena," alisema. "Jumamosi ya wiki ya tatu kuanzia sasa. Anataka maji yafike yakiwa ndani ya debe, na makopa yabaki makavu. Na ushuke kwenye baiskeli kama mtu. Ukishindwa, mtunza duka la kijiji naye ameuliza habari za msichana, na mwenzako ana mkokoteni."

Wiki tatu. Nilianza na breki zenyewe. Nilitoa vyuma vilivyoshika raba zamani nikavifungia ngozi ya mbuzi. Ilishika vizuri ilipokuwa kavu, lakini ilinuka, na mbwa wa kila kijiji walinisindikiza. Nikaweka vipande vya soli ya tairi. Vikala rimu mpaka rimu ikaanza kung'aa kama kisu. Kisha nikachonga vipande vya mti mgumu. Hivyo vilisimamisha baiskeli, lakini vilipiga yowe. Miaka ile vita vya Msumbiji vilikuwa ng'ambo tu ya Ruvuma, na ndege za Wareno zilikuwa zikisikika mara kwa mara. Kila nyumba ilikuwa na handaki lake. Niliposhika breki zangu za mti mara ya kwanza, mzee jirani aliacha uji wake akaruka handakini, na mke wake juu yake, na mbuzi mmoja. Mjumbe wa nyumba kumi alikuja kwetu jioni ile.

"Mwanangu," alisema, "vita tuliyo nayo inatosha. Usituletee ya kwako."

Ndipo nilipomkumbuka mwalimu.

Darasa la saba tulifundishwa sayansi na mwalimu mmoja aliyetoka Bukoba, mtu aliyevaa soksi hata kipindi cha joto. Siku moja alitundika mfuniko wa sufuria kwenye msumari, akauzungusha. Ulizunguka muda mrefu. Kisha akauzungusha tena, akachukua sumaku ya shule iliyopinda kama herufi U, akaweka ukingo wa mfuniko kati ya miguu yake miwili bila kugusa. Mfuniko ulipunguza mwendo mara moja, kama mtu aliyeingia kwenye matope.

Tulisema ni dawa. Alicheka, akaishikiza sumaku kwenye mfuniko: haikunata, kwa kuwa sumaku haishiki bati la alumini. "Haivuti," alisema. "Lakini bati likipita haraka mbele ya sumaku, ndani yake unazaliwa umeme mdogo unaojizungusha kama maji kwenye kona ya mto. Umeme huo nao unakuwa sumaku, na kazi yake ni kupinga ule mwendo uliouzaa. Hakuna kilichogusa kitu. Kisichogusa hakiliki. Breki ya raba inakula raba. Hii haili chochote." Kisha akauliza nani ana swali. Mimi nilikuwa nalo. Lakini mkono wangu ulikataa kupanda, kengele ikalia, tukaenda kulima shamba la shule.

Sasa, miaka kadhaa baadaye, sikukumbuka swali langu lilikuwa nini. Nilikumbuka tu maneno kwamba haili chochote, na hayo yalinitosha.

Nilipanda lori la korosho mpaka Masasi. Nyuma ya soko, njia ya kwenda Mkomaindo, kulikuwa na fundi wa mashine za kusaga niliyemjua kupitia baba. Kwenye mashine za zamani kulikuwa na kifaa cha kutoa cheche, na ndani yake sumaku nene, nzito, iliyopinda kama ile ya shule lakini yenye nguvu ya kung'ang'ania mpaka ukaita msaidizi. Alikuwa nazo sita kwenye boksi la vyuma vibovu.

"Unazitaka za nini?" aliuliza. "Kumvutia mchumba?"

"Za breki."

"Breki ya chuma gani?"

"Ya sinia."

Alitoa sumaku moja kwenye boksi. "Sumaku haishiki sinia, bwana mdogo. Ngoja nikuonyeshe."

"Najua," nilisema. "Ndiyo maana ninalitaka sinia."

Aliita wenzake waje wanisikie nikilisema tena, lakini kufika hapo aibu ilikuwa imenirudia. Nilimwoshea vipuri kwa mafuta ya taa siku mbili, akanipa zote sita, na alinisindikiza mpaka kwenye lori akiniombea kwa Mungu, sijui kwa ajili ya safari au kwa ajili ya akili.

Sinia lilikuwa la mama. Lilikuwa la alumini, pana, zuri, la kuwekea wali wa sherehe. Nililitoboa matundu manne alipokuwa shamba, nikalifunga kwa waya kwenye spoki za gurudumu la nyuma. Aliporudi alizunguka nyumba mara mbili.

"Sinia langu liko wapi?"

"Kwenye gurudumu, mama."

"Kwenye gurudumu linafanya nini?"

"Linasaidia kusimama."

Mama aliinama akalitazama, akatazama sumaku zilizofungwa kwenye mkono wa mti juu yake, akafuata kwa macho kamba iliyokwenda mpaka usukani. Ukiivuta kamba, mkono unashuka na ukingo wa sinia unapita katikati ya sumaku zote sita bila kuguswa. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, maana mama alikuwa mtu wa kusikiliza.

"Likipata tundu," alisema, "utakula wali kiganjani mpaka unazeeka."

Nilihakikisha kwamba upande wenye waya hauonekani.

Nililijaribu kwenye mteremko wa shamba letu. Siwezi kueleza raha ile. Ukivuta kamba, baiskeli ilitulia. Hapakuwa na yowe, hapakuwa na harufu, hapakuwa na moshi. Kadiri ulivyokwenda kasi ndivyo ilivyokushika zaidi, kana kwamba kuna mtu mwenye nguvu na adabu nyuma yako. Nilishuka mara kumi, na mara zote kumi baiskeli ilisimama yenyewe chini ya shamba, kwa upole, nikaweka mguu chini kama ofisa. Mwanamgambo mmoja tu ndiye aliyenisumbua: alinisimamisha barabarani akidai kwamba sinia linalong'aa linawaonyesha Wareno njia. Nililipaka masizi, akaridhika, akaomba kuijaribu, na yeye pia ilimsimamisha chini ya shamba.

Kile ambacho sikukiona, ingawa nilishuka mara kumi, ni kwamba chini ya shamba letu ardhi inainuka. Kila mara ni ule mwinuko ndio uliosimamisha baiskeli. Sumaku ilipunguza, mwinuko ukamaliza, na sifa zote nikaipa sumaku. Kwa furaha hiyo niling'oa breki za zamani na vyuma vyake vyote, nikavitupa, ili baiskeli iwe safi kwa ajili ya wakwe.

Jumamosi ilifika. Kubazi langu la kushoto lilikuwa na tundu, kwa hiyo nilikwenda kwa mwalimu, ambaye bado alikuwa akifundisha palepale, nikaazima viatu vyake vya ngozi. Vilikuwa vikubwa, na soli zake zilikuwa laini kama sahani. Nilijaza madebe mawili bombani, nikafunika maji kwa majani ya mkorosho yasirukeruke, nikaanza kushuka.

Mteremko wa juu ulikwenda kama nilivyoota. Nilivuta kamba, baiskeli ikashika mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na haikuuacha. Tone halikumwagika. Nilipoingia kijijini mteremko ulipungua, nayo baiskeli ikapungua mpaka mwendo wa mtu anayetembea. Niliwaona wamekaa barazani, mjomba katikati. Makopa yalikuwa yameanikwa kwenye mikeka kulia na kushoto mwa barabara, mengi kuliko siku ile, na nadhani yaliwekwa hivyo kwa makusudi. Nilivuta kamba mpaka mwisho ili nisimame hatua kumi kabla ya baraza, nishuke kwa heshima.

Baiskeli haikusimama.

Nilivuta zaidi. Kamba ilikuwa imefika mwisho, sumaku zote sita ziko mahali pake. Baiskeli ilikuwa ikienda polepole sana, lakini ilikuwa ikienda. Hapo ndipo lile swali la darasa la saba liliponirudia, lote, neno kwa neno: Je, mwalimu, mfuniko ukishakuwa unazunguka polepole kabisa, sumaku inashika nini? Jibu nililipata palepale juu ya tandiko. Haishiki kitu. Nguvu yake inatoka kwenye mwendo. Mwendo ukipungua, nayo inapungua, na kwa mwendo mdogo kabisa inakuachia. Barabara ile ilikuwa na mteremko mdogo usioonekana kwa macho, lakini gurudumu liliuona. Raba, hata mbovu, inaweza kubana kitu kilichosimama kikaendelea kusimama. Sumaku yangu haikujua kabisa maana ya kusimama.

Mjomba aliinuka. Nilimfikia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Shuka."

"Nashuka, mjomba."

Nilimpita. Alisubiri kidogo, kisha akatoka barazani akaanza kutembea kando yangu, mikono nyuma.

"Nimesema shuka."

"Ndiyo, mjomba. Nashuka sasa hivi."

"Mbona hushuki?"

"Inapungua, mjomba."

"Imepungua siku nyingi. Mimi natembea hapa na sijachoka."

Kuruka sikuweza. Fremu ilikuwa ndefu, vidole vyangu vilifika chini kwa shida, na nikiiinamisha tu, debe la upande ule linakwenda kwenye makopa. Nilijaribu kuburuza mguu. Kiatu cha mwalimu kiliteleza kama sabuni, kikachomoka mguuni, kikabaki barabarani. Niliendelea na mguu mmoja mtupu.

"Umedondosha kiatu," alisema mjomba.

"Nitakirudia, mjomba."

"Utakirudia ukitokea wapi?"

Ndipo mama yake msichana alipotokea mbele yangu. Alikuwa anatoka kugeuza makopa, katikati ya barabara hasa. Aliniona, nami nikamwona, jambo ambalo halikupaswa kutokea. Nikageuza uso upande wa kushoto. Yeye alijifunika kanga kichwani akatazama huku na huku atafute pa kuingia, lakini kulia mikeka, kushoto mikeka, na mwanamke hawezi kukanyaga makopa yake mwenyewe. Akafanya jambo moja lililobaki: alinigeuzia mgongo akaanza kuondoka mbele yangu.

Alikwenda kwa mwendo wake wa kawaida, na mwendo wake wa kawaida ulikuwa ule ule wa sinia la mama yangu.

Kijiji kizima kilitoka nje. Mbele alikuwa mama mkwe, amejifunika, hageuki. Nyuma yake mimi, shingo imepinda kushoto kama niliyelala vibaya, nimekaa wima, kiatu kimoja. Kando yangu mjomba, anaulizauliza. Akiharakisha mama mkwe, watu wanasema anafukuzwa. Akipunguza, gurudumu linakaribia kanga yake.

"Mwambie asinifuate!" alisema mama mkwe, akimwambia mjomba kwa kuwa hawezi kuniambia mimi.

"Anasema usimfuate," alisema mjomba.

"Simfuati, mjomba. Njia ni moja."

"Anasema hakufuati," mjomba alimwambia dada yake.

"Basi yuko wapi?"

"Nyuma yako."

Watu walianza kukaa chini kwa kicheko. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti kama hii ndiyo ndoa ya mtindo mpya wa vijijini, na kama ndiyo, inaishia wapi. Mwisho wa barabara nilikuwa nauona: nyumba ya mwisho, kisha mihogo, kisha bonde. Moyoni nilijua kwamba nikifika pale bila kusimama, sitarudi tena kijiji hiki maishani mwangu, na mkokoteni wa mtunza duka utaingia kwa njia hii hii ukisimama kila mahali panapostahili.

Baiskeli ikavutwa nyuma. Niligeuka. Msichana alikuwa ameshika keria kwa mikono miwili, amechimbia visigino mchangani, amelalia nyuma kama anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Visigino vyake vilichora mistari miwili mirefu, kisha vikazama, kisha tukasimama. Maji yalitikisika ndani ya madebe, yakafika ukingoni, yakatulia.

"Simama, wewe," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu baada ya miezi minane.

Nilishuka. Nilichuchumaa. Nikasema shikamoo upya kwa mjomba, na kwa mikeka upande alipokuwa mama mkwe. Mjomba alizunguka baiskeli, akainama, akafunua majani akatazama debe la kwanza. Akatazama la pili. Akatazama makopa kulia na kushoto, akaokota kipande kimoja akakivunja, kikalia kikavu. Kisha akaona sinia.

"Hili ni la wali?"

"La wali, mjomba."

"Linafanya nini huku?"

Sijui nilipata wapi sauti. Labda ni kwa sababu hapakuwa na aibu nyingine iliyobaki ya kunipata. Niliinua gurudumu la nyuma nikalizungusha kwa pedeli, nikamwonyesha. Nilimweleza umeme unaojizungusha ndani ya bati. Nilimweleza kwamba raba inashika kwa kusugua, inakuwa moto na kuisha, na ukiwa na mzigo kwenye mteremko mrefu inaungua kama kubazi langu la siku ile. Na kwamba sumaku haiungui wala haiishi, inashika zaidi mwendo ukiwa mkubwa, lakini mwendo ukiwa mdogo haina neno. Nilisema nimekosea kuzing'oa breki za zamani. Nilisema kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa nimesema tangu kuzaliwa. Mjomba aliweka kiganja kwenye sinia.

"Lina joto," alisema.

"Mwendo wote umeingia humo, mjomba."

"Ule wa toka juu?"

"Wote."

Aliliacha sinia, akajipangusa masizi mkononi. Mama mkwe, akiwa bado amegeukia mihogo, alimwita binti yake akamwambia jambo. Msichana alikuja kwa mjomba, akamwambia kwa sauti ambayo sote tuliisikia.

"Mama anasema: wa kwanza alikuja mbio akamwaga. Wa pili amekuja taratibu hakusimama. Anauliza kama kuna wa tatu, au ni hao wawili tu."

Watu walicheka tena, lakini mjomba hakucheka. Alinitazama, akatazama ile mistari ya visigino mchangani, akamtazama mpwa wake aliyekuwa bado ameshika keria ingawa baiskeli ilikuwa imesimama kitambo.

"Mwaga maji kwenye pipa," aliniambia. "Kiatu chako kiko kule."

Nilimwaga maji kwenye pipa lao. Sikutazama mtu. Nilijua nimemkosa msichana, kwa kuwa hakusema ndiyo, wala hakunikaribisha barazani. Nilichukua kiatu cha mwalimu, nikafunga madebe matupu, nikashika usukani niondoke.

"Na kesho," alisema mjomba nyuma yangu, kwa sauti ile ile ya taratibu, "usiipande. Uikokote mpaka utakapoitafutia kitu cha kuisimamisha. Na uje mapema, wanawake wanaamka kabla ya jua."

"Ndiyo, mjomba," nilisema, nikaanza kupanda mlima.

Mimi ni mtu wa polepole katika mengi. Nilipita nyumba ya kwanza ya kijiji, nikapita mikorosho, nikasimama kupumzika karibu na nusu ya njia, miguu mitupu na viatu vya mwalimu vikining'inia shingoni, kabla sijaelewa kwamba mtu aliyekataliwa haambiwi habari za kesho. Nikageuka kutazama chini. Walikuwa bado wamesimama barabarani, wadogo kwa mbali, na mmoja wao alikuwa akisawazisha ile mistari ya mchangani kwa mguu, taratibu, kana kwamba hana haraka ya kumaliza.